Mwaka wa Kubishana juu ya Kaboni

Papa Kashindi tulimzika Jumatano, pale Uvira, na kwenye matanga nilipewa nafasi ya kusema maneno machache. Nilisimama nikasema alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu, kisha nikaketi. Watoto wake walinishukuru. Lakini nilipokwisha kuketi nikajionea haya, kwa sababu maneno kama hayo husemwa juu ya marehemu yeyote aliyepita miaka tisini, na hakuna hata moja kati yake lililonifanya mimi kuwa mtu niliye. Ukweli ni kwamba Papa Kashindi alikuwa mbishi. Alibishana na wazungu wakati ambapo mtu aliweza kufukuzwa kazi kwa hilo, akabishana na watu wenye bunduki, na alibishana na mimi kwa zaidi ya nusu karne. Nimefundisha kemia ya mawe chuo kikuu hadi nywele zikawa nyeupe, na kila nilichojenga huko nilianza kukijenga mwaka mmoja tu, mwaka wa uasi, katika nyumba yake ya Nyamianda. Basi yale niliyoshindwa kuyasema nimesimama, nayaandika hapa nimekaa.

Habari za wazazi wangu nitaziacha. Yatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na saba, shule ya masista ilikuwa imefungwa kwa sababu ya fujo, na nilikuwa nakaa kwa Mama Riziki, mke wa Papa Kashindi, ambaye mama yake na nyanya yangu walikuwa ndugu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, na nyuma yake jiko la miti lililoezekwa nyasi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja iliyofunikwa kitambaa cha mpira cha maua, na juu ya meza hiyo tulikula, tukakunja nguo, na watoto wakafundishwa kusoma. Ukutani palikuwa na ubao, na juu ya ubao zilipangwa kaye, yaani madaftari, kumi na nne za jalada la bluu. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mama Riziki alizipangusa vumbi kila Jumamosi kabla hata ya picha ya Bikira Maria, na akasema ni kwa sababu Bikira hakasiriki haraka. Upande mmoja dirisha liliangalia ziwa, upande wa pili milima, na milima ile iko karibu mno na mji hata jua hupotea nyuma yake wakati watu wa ng'ambo, Usumbura, Bujumbura ya leo, bado wanalo.

Papa Kashindi alikuwa preparateri katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa, mtu wa kupima, kuchemsha na kuandika. Tangu miaka kadhaa kabla ya Uhuru, kila Jumatatu na kila Alhamisi, alikwenda kwenye maji moto ya upande wa Kavimvira, mahali ambapo mapovu hupanda kutoka ardhini bila kukoma. Alijaza chupa maji ya pale, akaipindua juu ya mapovu, akaacha gazi, yaani gesi, isukume maji yatoke, akahesabu ilichukua muda gani. Kisha alibeba chupa hadi laboratwari na kupima ndani yake mna gazi ya kaboni kiasi gani. Hiyo ni ile ile tunayoitoa puani tukipumua, na ile ile inayotoka kwenye makala, makaa ya kupikia, yakiwaka. Namba zote ziliingia katika kaye. Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji aliyeitwa Bwana Felisi, mtu mrefu mwenye kikohozi, ambaye kazi yake ilikuwa samaki na maji ya ziwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye swali lingine kabisa: dunia, ambayo ni jiwe, ilipata wapi kaboni yake?

Wakati wa likizo nilikuwa naosha chupa katika chumba cha nyuma cha laboratwari, na mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo ubishi wao niliusikia wote. Bwana Felisi alizungumza Kiswahili cha kwetu bila aibu. "Kashindi," alisema siku moja, "jua lilipokuwa changa lilikuwa jiko. Dunia ilijengwa karibu na jiko. Ukimwaga mafuta karibu na moto, yanabaki?"

"Hayabaki, Bwana."

"Basi na kaboni haikubaki. Iliungua, ikawa gazi, ikaenda zake. Mawe yenye yalijenga dunia yalikuwa makavu. Kaboni ilikuja nyuma, na mawe meusi yenye yalianguka toka mbali, kule kwenye baridi, kwenye moto haukufika."

Nilijua Papa Kashindi anasugua kidevu. "Sawa, Bwana. Mawe yalianguka juu. Lakini minye napima gazi inatoka chini. Inatoka kiangazi, inatoka masika, haipungue. Kama kaboni ilimwagwa juu ya dunia kama unga juu ya mukeka, ilifika chini namna gani?"

"Dunia iliimeza pole pole."

"Nani aliona ikiimeza?"

Bwana Felisi alicheka hadi akakohoa. Mimi nilisimama na chupa mkononi, maji yakinitiririkia kwenye viwiko. Sikuwahi kusikia mtu wetu akimuuliza mzungu swali ambalo mzungu hakuwa na jibu lake, na zaidi ya hapo sikuwahi kusikia mzungu akifurahi kuulizwa.

Jioni hiyo tulikula bugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwetu, yenye ndagala, na Papa Kashindi alikuwa bado yumo katika ubishi. Aliinua tonge akalionyesha kwa mkewe. "Hii sombe, chumvi ulitia saa ngapi?" Mama Riziki akasema aliitia mwanzo. "Unaona! Iko mote. Kama ungeitia mwisho, ingebaki juu juu. Na kaboni ilitiwa mwanzo, iko ndani ya dunia tangu kuzaliwa." Mama Riziki hakuacha kula. Alisema, "Na kukoroga je, Baba Riziki? Weye hujue kupika. Hata nikitia chumvi nyuma, nikikoroga na nguvu inaingia mote." Papa Kashindi alimwangalia kama mtu aliyepigwa na tawi njiani.

Nacheka ninapoandika haya, kwa kuwa imenichukua maisha yangu yote kumfikia Mama Riziki. Leo tunajua mambo ambayo mwaka ule hakuna aliyeyajua. Tunajua Bwana Felisi alikuwa na haki juu ya jiko: karibu na jua changa vumbi lenye kaboni lilichomeka, na ndiyo maana dunia yetu, ukiilinganisha na jua lenyewe au na nyota zenye mikia, ni maskini wa kaboni kabisa. Tunajua pia jambo ambalo wote wawili hawakulifikiria, kwamba dunia ilipokuwa bado imeyeyuka, chuma kilizama katikati na kuvuta kaboni kwenda nayo, kama mtu anayehama na vyombo vya jirani. Kwa hesabu hiyo huku juu isingebaki karibu chochote, si cha makala, si cha samaki, si cha mimi na wewe. Ndipo wengine wetu tunadhani kwamba mwishoni mwa ujenzi sayari nyingine ndogo iligongana na dunia. Moyo wake wa chuma ulikuwa umekwisha kujaa salfa na kuikataa kaboni, kwa hiyo kaboni ikabaki katika mawe yake ya nje, na dunia ikaipokea yote kwa mpigo mmoja, ikakorogwa humo. Chumvi iliyotiwa nyuma, na mwiko wenye nguvu. Si wote wanaokubali. Lakini kila nilipochora mgongano huo ubaoni mbele ya wanafunzi, niliisikia harufu ya sombe.

Fujo zilipokaribia, Bwana Felisi aliondoka kwa gari kupitia bonde la Ruzizi, akaagiza kituo kifungwe. Papa Kashindi alifunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma. Msaidizi wake alikuwa amekwisha kukimbilia kwao mlimani, juu ya Mulenge, akalinde ng'ombe wa baba yake. Jumatatu iliyofuata Papa Kashindi aliniangalia ninavyomenya muhogo akasema, "Faida, mikono yako haitetemeki. Twende." Ndivyo nilivyoajiriwa, bila barua.

Tulitoka asubuhi na kikapu cha chupa. Kwenye maji moto palikuwa na wanawake wakifua na kuogesha watoto wenye upele, na mmoja wao, mama mnene aliyeitwa Mama Sofia, alizoea kututania. "Munakuja tena kukamata mashuzi ya shetani?" Siku moja aliniuliza kwa kweli kuna nini mle, nikamwambia ni gazi kama ile anayoitoa yeye akipumua. Alitazama mapovu. "Basi dunia inapumua," alisema. Nikamrudilia Papa Kashindi maneno hayo, aliyekuwa ameinama upande wa pili akihesabu, nikidhani atacheka. Alisema, "Andika mu kaye, pembeni. Na uandike jina la ule mama." Alinifundisha kupindua chupa bila kuingiza hewa ya nje, kutikisa gazi pamoja na maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo hula kaboni, kusoma ni kiasi gani kimeliwa, na kuandika ninachokiona hata kama nilitamani kuona kingine. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Wiki ya tatu nilirekebisha namba moja ili ifanane na nyingine. Aliigundua kwa kuitazama tu. Hakunigombeza. Aliniambia, "Kama unataka zifanane, kaa nyumbani, tutaziandika zote mara moja na tupumzike."

Waasi walipouchukua mji, siku za kwanza tulikaa ndani, na kisha, njaa na mazoea vikatutoa. Soko likafunguka. Vijana wenye majani kichwani walisimama njia panda na kuuliza karatasi. Walikuwa wamepewa dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo ilikuwa na miiko mingi. Mmoja wa miiko ulikuwa wasiguswe na mwanamke. Mama Riziki alimwomba mumewe aache maji moto hadi mambo yatulie. Alijibu kwamba wiki mbili zimekwisha kukatika katika kaye, na ya tatu haitakatika.

Walitukuta Alhamisi. Walikuwa wanne. Wanawake waliokuwa wakifua walikusanya nguo zikiwa na sabuni na kuondoka. Mkubwa wao alinyoosha bunduki kwenye kikapu. "Munajaza nini mu ile machupa?"

"Hewa," alisema Papa Kashindi.

Walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka. "Hewa ya nini? Haba njo banaharibu dawa yetu! Banachukua nguvu ya maji!" Mwingine alikuwa amefungua kaye, akipindua kurasa kwa vidole vilivyolowa. "Angalia. Namba tupu. Hakuna hata neno. Iko anatuma habari ku Usumbura."

Mtu mwingine angepiga magoti. Papa Kashindi alisema, "Futa mikono kwanza, wino itatoka." Walimpiga kwa kitako cha bunduki, begani na mgongoni, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo, wakaondoka naye. Mimi sikuguswa, kwa sababu ya mwiko wao. Nilirudi nyumbani na kikapu, nikipita katikati ya mji mzima nikiwa nimeshika chupa moja iliyojaa gazi, kizibo nikikibana kwa kidole gumba, kwa kuwa sikujua la kufanya isipokuwa kutoiachia.

Usiku wa kulia Mama Riziki hakuutaka. Alipika. Jirani alikuja jikoni, akanong'ona kwamba watu wawili waliopelekwa kwenye biro, ofisi ya waasi, siku iliyotangulia hawajarudi na hawatarudi. Mama Riziki alimshukuru kwa habari, akanipa samaki mkubwa, mukeke mzima, ambao kwa kawaida ulikuwa wa baba wa nyumba. "Kula. Kesho unasema mbele ya bakubwa."

"Minye, Mama?"

"Minye sijue gazi. Nitaenda kulia, kulia najua. Lakini kulia balisikia mingi. Weye njo utasema."

Asubuhi tulibeba kikapu hadi iliyokuwa biro ya serikali. Komanda alikaa barazani nyuma ya meza, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na juu ya meza zilikuwa kaye zetu zote kumi na nne. Moja waliichukua kwenye maji moto, na nyingine walikuwa wamezichukua nyumbani alfajiri. Kando yake alisimama mzee wa dawa, mwenye ngozi ya mnyama mabegani. Papa Kashindi alikuwa ameketi chini, peku, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nilipiga goti nikabaki mbali, hatua kumi, kama walivyoniamuru.

"Binti, unataka nini?" aliuliza Komanda.

"Nataka kuonyesha zile namba ni za nini, Baba."

Mzee wa dawa alisema nisiruhusiwe kufungua kitu. Komanda aliinua mkono. Nikamimina maji ya chokaa, niliyoyatoa laboratwari, katika glasi tatu. Yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Nilikuwa nimekata vikonyo vya majani ya mpapai, vilivyo wazi ndani. Kwa kikonyo cha kwanza nilipuliza pumzi yangu katika glasi, na maji yakawa meupe kama maziwa. Vijana wakarudi nyuma. "Ndumba!" mmoja alisema, na nikasikia bunduki ikikokiwa. Niliangalia mikono yangu, na mikono ilikuwa imetulia, nikaendelea. Chini ya mdomo wa chupa tupu niliyoipindua niliweka kaa la moto kutoka katika jiko la walinzi, nikasubiri, nikaiziba, kisha nikamimina maji ya chokaa ya glasi ya pili humo na kutikisa. Meupe. Nikafungua ile chupa ya maji moto, niliyoilinda usiku kucha, nikamimina ya tatu. Meupe kuliko zote.

"Haiko dawa, Baba," nilisema. "Ni kitu kimoja. Iko mu pumzi, iko mu makala, iko mu maji moto. Jina yake ni kaboni. Papa Kashindi anapima inatoka ngapi kila wiki. Njo namba."

Komanda alikuwa amesimama. Alizunguka meza, akaja hadi karibu kuliko mwiko ulivyoruhusu, akainama juu ya glasi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nyingine. "Nilikuwa mwalimu kule Lubarika," alisema. "Somo hili nilifundisha miaka ine. *Pumzi inageuza maji ya chokaa.* Niliandika ubaoni, watoto bakaandika. Hata siku moja sikuiona. Hatukuwa na chokaa." Akanyoosha mkono. Mzee wa dawa akasema jambo kwa ukali. Komanda hakumgeukia. Niliweka kikonyo kipya chini, nikarudi nyuma, naye akakiokota. Nilimimina maji ya chokaa katika glasi ya nne, nikaisogeza kwa kijiti. Alipuliza kama mtoto, mashavu yamejaa, na maji yalipobadilika alibaki akiyatazama.

"Na hii kaboni ya chini," aliuliza, "iliingia mu dunia namna gani?"

Nilisema nilichokisikia kwa aliyesoma zaidi. "Ilianguka toka juu, Baba. Na mawe meusi, nyuma ya dunia kuzaliwa."

"Apana!"

Ilikuwa sauti ya Papa Kashindi. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, mdomo una damu. "Apana, Faida. Hiyo ni ya Bwana Felisi, na haina ushuhuda. Soma kaye ya tisa. Masika na kiangazi ni sawasawa. Kama ilianguka toka juu..." Mlinzi alimsukuma kwa mguu. "Kama ilianguka toka juu, sababu gani inatoka chini haipungue?"

Mama Riziki, ambaye hadi hapo alikuwa akilia kwa mpango, aliacha kulia. "Baba Riziki, nyamaza! Mutoto anakuokoa!"

"Aniokoe na ile ya kweli!"

Komanda alimwangalia yule mtu aliyefungwa, kisha akaniangalia mimi, na kitu kikamtoka kifuani ambacho kilikuwa kicheko. Alivua miwani. Aliwaambia vijana wake, "Nilishaona bapelelezi. Mupelelezi anakubali kila kitu shahidi wake anasema. Huyu iko anabishana na kamba mu mikono. Mufungue." Kamba ikakatwa. Lakini Papa Kashindi alipoelekea mezani, Komanda aliweka kiganja juu ya kaye. "Hizi zinabaki. Karatasi hatuna." Na kwenye maji moto tusionekane tena.

Papa Kashindi alitembea hadi nyumbani. Ubao ulikuwa mtupu ukutani. Mama Riziki alimkanda mgongo kwa maji ya uvuguvugu, na mimi nikiwa chumba cha pili nilimsikia akihema kwa nguvu kama mtu aliyebeba gunia, na nilielewa kwamba si mgongo. Miaka ya Jumatatu na Alhamisi. Wakati huo nilikuwa nimejaa fahari ya kumtoa, na nilishangaa kwamba uhai wake haukumtosha. Leo sishangai.

Baada ya majuma mawili alikwenda soko la samaki, akarudi mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Mwanamke mmoja aliyetaka kupita kwenda Kiliba alikuwa ameandikiwa ruhusa ya njia, na nyuma ya ruhusa hiyo, kwa mkono wa Papa Kashindi, palikuwa na namba za Februari ya mwaka wa Uhuru. Walikuwa wakichana kaye zetu kuandikia watu ruhusa. Alikuwa amemsihi mwanamke yule asimame, akanakili namba kwa makala kwenye mkono wake mwenyewe, kuanzia kifundo hadi bega, kwa kuwa hakuwa na karatasi. Alivua shati, Mama Riziki akamshikia taa ya dirisha, yaani akafungua mbao zote mwanga uingie, na mimi nikaandika upya kwenye karatasi ya sukari.

Tangu siku hiyo hadi waasi walipoanza kuondoka, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Alisimama karibu na njia panda, mimi kwenye soko na mahali mitumbwi inapofika. "Shikamoo Mama, naomba kuona karatasi yako, upande wa nyuma." Wengine waliniogopa, wengine walidhani nina kichaa cha vita, ambacho kilikuwa kingi. Mama Sofia wa maji moto aliniletea watu sita kwa siku moja, akiwaburuta kwa mikono na kusema ni kazi ya dunia inayopumua. Mvuvi mmoja alinikatalia siku tatu, siku ya nne akanipa ruhusa yake bila kuniangalia, na nyuma yake palikuwa patupu. Alisikitika kuliko mimi. Hatukupata nusu. Lakini tulipata masika na kiangazi vya kutosha, na Papa Kashindi alipozipanga mezani, juu ya mpira wa maua, alinionyesha kwa kidole kilichotulia: gazi haikupungua. Nilikuwa nimebishana naye mwaka mzima kwa upande wa Bwana Felisi, na siku hiyo nilikubali.

Alifurahi kwa muda mfupi, kisha akasikitika kwa ajili yangu. "Kubishana na minye haitoshi. Minye nina chupa tu. Uende ng'ambo, usome, ubishane na benye kujua." Alikwenda mwenyewe kwa Komanda kuniombea njia. Sijui walisema nini. Alikaa huko saa nzima, akarudi na ruhusa. Nyuma yake palikuwa na wiki nne za kaye ya kumi na moja, tukazinakili kabla ya kufunga mzigo. Alinisindikiza hadi nje ya mji. Nilimuuliza, "Na kama nikikuta Bwana Felisi njo mwenye haki?" Alisema, "Uniandikie. Hata kama inaniuma."

Nilisoma. Na kwa miaka mingi kila nilichosoma kilikuwa upande wa Bwana Felisi: mawe meusi, mvua ya kaboni kutoka mbali. Gazi ya maji moto, niliambiwa, ingeweza kuwa matope ya zamani yaliyozama na kurudi. Haikuthibitisha lolote juu ya mwanzo. Basi nilimwandikia Papa Kashindi habari za afya, za watoto, za mvua, na juu ya kaboni sikuandika neno. Nilipoanza kufanya kazi yangu mwenyewe, kuyeyusha mawe na chuma pamoja ili kuona kaboni inachagua nani, na nilipoona kwamba kiasi fulani lazima kiliingia ndani kabisa wakati dunia bado inajengwa, nilimwandikia kwa furaha kubwa kurasa sita: wewe na Bwana Felisi mlikuwa na haki nusu kwa nusu.

Jibu lake lilikuwa fupi, na ndilo jambo pekee katika maisha yangu ya kazi ninaloliona haya hadi leo. Aliandika: "Miaka hii yote ulijua kama nilishindwa, na ulinyamaza. Ulinionea huruma. Minye sikukuomba huruma, nilikuomba jibu."

Nilipanda basi wiki ileile. Nilimkuta barazani, mwembamba, jicho lake lile bado dogo kuliko lenzake. Sikusalimu kwa maneno mengi. Nilifungua karatasi zangu zote, zile zilizompinga kwanza, nikamsomea moja moja, na tulibishana siku mbili, tukisimama tu Mama Riziki alipotuita kula. Alinikatalia vitu vitatu, na kimoja kati ya hivyo alikuwa na haki. Siku ya pili jioni alisugua kidevu akasema, "Sawa. Nusu yangu nimeikubali. Ile nusu ingine minye sina nguvu tena. Nani ataitafuta?"

Nilisema mimi. Riziki, binti yake, alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi, na nyuma yake mwanawe wa kike, aliyekuwa amemaliza sekondari mwaka ule na aliyekuwa akisikiliza tangu asubuhi. Aliingia, akaketi chini kwenye mkeka, akachukua karatasi ya juu kabisa. "Babu," alisema, "hapa wote wawili mumekosea." Ndiye anayeongoza laboratwari yangu sasa.